Ufukwe Hauko Mtupu: Mwongozo Kamili wa Kupanga Ardhi ya Pwani na Utalii wa Bahari Kwenye Visiwa Vidogo

Ramani ilitandazwa juu ya mkeka mbele ya wazee. Kipande chote cha pwani kilichokuwa kikijadiliwa kilipakwa rangi nyeupe na kuandikwa maneno mawili: eneo wazi. Mama mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango, akauliza taratibu, "Na sisi tunaoanika dagaa hapo, mbona hatumo?" Hakupata jibu. Aliyechora ramani ile alifika siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamepumzika na vichanja vimekunjwa. Aliona mchanga, akaandika alichokiona.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya swali la mama yule. Unawafaa wajumbe wa halmashauri ya kijiji au kamati ya sheha, kamati za wavuvi na BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), vijana wa boti, na hata mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne anayetaka biashara yake imfae na mwanawe. Mifano nimeichukua Mafia na visiwa vyake vya Chole, Juani na Jibondo, na Unguja na Pemba, lakini wa Songosongo, Wasini au Lamu atajiona humu pia.

Watu wakisikia "utalii wa bahari" hukimbilia boti na matumbawe. Mimi nasema anzeni nchi kavu, maana bahari huharibiwa kutoka huko. Mikoko ikikatwa, tope hushuka likafunika matumbawe. Choo kikichimbwa kwenye jiwe la matumbawe, uchafu hupenya hadi majini. Ukuta ukijengwa ufukweni, mchanga wa jirani huondoka. Wageni hufuata maji maangavu na samaki, na vyote viwili hutegemea mnavyoitumia ile kanda nyembamba baina ya kisima na mwamba.

Kazi yote inachukua mwaka mmoja, kwa sababu ni lazima muone misimu yote miwili ya upepo, kusi na kaskazi. Vifaa ni karatasi kubwa, kalamu za rangi, futi ya mita 50, simu yenye GPS, kipima chumvi cha mkononi na daftari gumu. Mshauri wa gharama kubwa si lazima.

Hatua ya 1: Jazeni ramani

Hatua hii ndiyo iliyobeba nyingine zote, kwa hiyo msiifanye kwa haraka. Kaeni kwa makundi matatu, kila moja peke yake: wavuvi, wanawake, na wazee wa kike na wa kiume. Mkiwachanganya siku ya kwanza, mwenye chombo atasema, na mama anayechokoa pweza atanyamaza ingawa yeye ndiye anayeujua mwamba tundu kwa tundu.

Kila kundi lichore pwani kuanzia visimani hadi mwamba wa nje, pale mawimbi yanapovunjika. Watu hukosea kwa kukomea kwenye mstari wa maji. Kwenye visiwa vyetu, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, sehemu nyingine bahari hurudi nyuma kilomita nzima mchana na kujaa tena jioni. Eneo hilo ni shamba, ni njia na ni soko. Ligaweni kama mnavyogawa ardhi.

Kwa kila mahali penye jina, ulizeni mambo manne: nani anapatumia, kwa kazi gani, miezi gani au siku zipi za mwezi, na kwa idhini ya nani. Siku zipi za mwezi ni swali la lazima. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, pweza huchokolewa bamvua, na mwani hushughulikiwa maji yakipwa. Mahali panapoonekana tupu Jumatatu huenda Jumamosi pana watu hamsini.

Haya ndiyo mambo ninayoyaona yakisahaulika mara kwa mara: dago, yaani kambi, la wavuvi wanaokuja msimu mmoja tu, mahali pa kupandishia mashua ili zikalafatiwe na kupakwa sifa (mafuta ya papa), tope ambalo kina mama hufukia makumbi ya nazi miezi kadhaa hadi yalainike kwa kusokotwa kamba, vichanja vya dagaa, makaburi, mizimu, miti ya dawa, mchanga ambapo kasa hutaga, na njia za kwenda pwani.

Kuhusu njia niseme kidogo zaidi. Kijiji kimoja nilichokaa upande wa mashariki wa Unguja kilikuwa na kinjia chembamba baina ya mikadi, upana wake hatua mbili. Hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Kiwanja kiliuzwa, ukuta ukajengwa kwa nia njema tu ya kuzuia wizi, na kinjia kikafa. Wakulima wa mwani wakawa wanazunguka na magunia mabichi kichwani, maji ya chumvi yakiwatiririka shingoni, mwendo wa karibu nusu saa kufika mahali walipokuwa wakifika kwa dakika tano. Baada ya mwaka baadhi yao waliacha mwani. Ingetosha njia ile kuandikwa jina na upana wake kabla ya mauzo. Basi kila njia ipimeni upana, mwipe jina, mpige alama ya GPS mwanzo na mwisho.

Ramani tatu zikishapatikana, ziwekeni pamoja kwenye mkutano mmoja na mzilinganishe. Zitapingana. Mahali zinapopingana ndipo penye mgogoro unaokuja, na ni nafuu kuuzungumza sasa kabla fedha hazijaingia. Unguja na Pemba ongezeni kitu kimoja: andikeni mwenye miti mbali na mwenye ardhi, kwani minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa na habari nyingine kabisa.

Kisha tembeeni. Kijana mmoja mwenye simu, mzee mmoja, mama mmoja, siku mbili za bamvua. Kila kilichochorwa kionekane kwa macho.

Hatua ya 2: Rudini nyuma kwa picha za angani

Sasa mnajua kilichopo. Kinachofuata ni kujua kilichobadilika. Google Earth kwenye kompyuta ina kitufe cha picha za zamani, na visiwa vyetu vingi vina picha kali za miaka mingi iliyopita. Kwa miaka ya nyuma zaidi kuna Landsat, ambayo tangu 2008 hutolewa bure. Picha zake za tangu miaka ya 1980 zina doa la mita 30 kwa 30. Sentinel-2, iliyoanza 2015, ina doa la mita 10. Programu ya QGIS ya kuchora juu ya picha hizo nayo ni ya bure, na mwalimu yeyote wa sekondari mwenye subira anaweza kuijifunza.

Jueni mipaka ya kila chombo. Doa la mita 10 litawaonyesha msitu wa mikoko uliofyekwa au shamba zima la minazi lililogeuka majengo. Halitawaonyesha ufukwe uliorudi nyuma mita nne. Simu nayo hukosea mita tano hivi, kwa hiyo inafaa kuonyesha kisima kilipo lakini haifai kupima mmomonyoko.

Kosa kubwa hapa ni kufuata ukingo wa maji. Picha moja imepigwa maji yamejaa, nyingine yamepwa, na mtu anatangaza kuwa kisiwa kimepungua nusu. Fuateni mstari wa mimea, pale mlakasa na vichaka vinapokutana na mchanga mtupu, kwa sababu hausogei kila siku. Tafuteni pia picha za msimu mmoja, kaskazi kwa kaskazi.

Tengenezeni jedwali dogo la miaka mitatu au minne, mkihesabu hekta za mikoko, minazi na mashamba, makazi, majengo ya wageni, vichaka na mchanga. Kisha lirudisheni kwa wazee, maana picha husema nini kilitokea bila kusema kwa nini. Niliwahi kuona doa la mikoko lililopotea, sote tukadhani ni wakata boriti. Mzee akatuambia barabara ya kifusi ilikuwa imeziba mkondo, maji ya bahari yakakoma kuingia, na miti ikafa imesimama.

Habari ya mzee yule iliokoa fedha. Ilikuwa imepangwa siku ya kupanda miche elfu kadhaa ya mkoko, na miche ile ingekufa kama mama zake. Palipohitajika jembe ni kwenye kifusi, mkondo ufunguliwe. Maji yakirudi na miti mama ikiwa karibu, mbegu huja zenyewe. Na mkipanda, pandeni kwa mahali pake: mlilana hukaa mbele kabisa baharini, mkoko kwenye tope linalofunikwa kila siku, mkandaa na mchu hustahimili nyuma kwenye chumvi kali. Msipande mikoko juu ya majani ya bahari. Hapo mtaua malisho ya kasa na kitalu cha samaki ili mpate miti itakayokufa.

Hatua ya 3: Pimeni ufukwe kwa futi

Chagueni sehemu tatu katika kila ufukwe: ncha mbili na katikati. Kila sehemu tafuteni kitu kisichohama kilicho nyuma ya mchanga, kama pembe ya msikiti, mbuyu au nguzo ya zege mtakayoisimika wenyewe. Mnazi wa ufukweni haufai, kwa sababu ndio utakaoanguka kwanza. Pigeni msumari au alama ya rangi.

Siku mbili baada ya mwezi kuandama, maji yakishajaa na kuanza kushuka, mtaona mchangani mstari wa majani ya bahari na vijiti yaliyoachwa na wimbi la mwisho. Mtu mmoja ashike futi kwenye alama, mwingine anyooshe hadi kwenye mstari huo. Andikeni tarehe, umbali, upepo uliokuwa ukivuma, na picha moja ya simu iliyopigwa mahali palepale kila mwezi. Kazi yote ni dakika ishirini, na wanafunzi wa darasa la saba wanaiweza vizuri kuliko watu wazima kwa sababu hawakadirii.

Sababu ya kupima mwaka mzima ni hii: kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini na kaskazi huurudisha. Ufukwe unaweza kupoteza mita kumi Julai na kuzirudisha Februari. Mwekezaji akija Februari ataona ufukwe mpana kama uwanja. Akipimiwa kiwanja chake siku hiyo, Julai bahari itakuwa mlangoni kwake, naye ataita mafundi wa ukuta.

Ukuta wa zege ufukweni huzaa ukuta mwingine. Wimbi likigonga zege hurudi na nguvu zake na kuchukua mchanga uliokuwa mbele yake. Kwenye ncha za ukuta hugeuka na kula kiwanja cha jirani, naye jirani hujenga wake. Gati la mawe yaliyojaa hufanya kazi kama hiyo kwa kuuzuia mchanga unaosafiri, kwa hiyo kama gati ni lazima liwe la nguzo, maji na mchanga vipite chini.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Umbali huo uchukueni kama kima cha chini. Kama daftari lenu linaonyesha ufukwe unarudi nyuma mita moja na nusu kila mwaka, na jengo linatarajiwa kukaa miaka 40, bahari itakuwa imemaliza mita 60 hizo jengo likitimiza umri wake. Mmomonyoko wa mwaka zidisheni kwa umri wa jengo, ongezeni nafasi ya bamvua kuu za Machi na Septemba, na hapo ndipo mstari wenu. Mbele yake pasiwe na zaidi ya kibanda cha makuti kinachohamishika. Mlakasa, mikadi na vichaka vya ufukweni viachwe hata kama mgeni angependa kuona mchanga mweupe mtupu, kwani ndivyo vinavyoushika.

Hatua ya 4: Ulizeni kisima kabla ya kumuuliza mwekezaji

Kisiwa kidogo kwa kawaida hakina mto. Maji matamu ni mvua iliyozama ardhini na kuelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa kanuni ya kawaida, kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia chini yake sentimita 40 hivi za maji matamu yasiingiliwe. Hesabu hiyo huenda kinyume pia: ukivuta kwa pampu mpaka uso wa maji ushuke sentimita kumi, chumvi inaweza kupanda mita nne kutoka chini. Ndiyo maana kisima hukaa kimya miaka mingi halafu kikawa chumvi msimu mmoja.

Kila mwezi pimeni visima vitano, viwili karibu na pwani na vitatu ndani. Teremsheni kamba yenye jiwe mpime kina cha uso wa maji, kisha chovyeni kipima chumvi. Usomaji ukipita miligramu 1,000 kwa lita, ulimi nao huanza kuyakataa. Kabla hamjawa na kipimo, sikilizeni wapishi. Chai ikianza kukatika maziwa na maharage yakigoma kuiva, wao wameshajua.

Kanuni ninayoitetea ni kwamba jengo la wageni kwenye kisiwa kidogo lisichimbe kisima. Livune mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka hupokea lita 100,000. Toeni moja ya tano inayopotea, zinabaki 80,000. Chumba cha wageni wawili wanaotumia lita 80 kila mmoja ni lita 160 kwa siku, kwa hiyo paa hilo linatosha na kubakisha. Kinachowashinda wengi ni tangi. Kiangazi cha siku 120 kinataka lita 19,200 ziwe zimehifadhiwa kabla mvua haijakatika, na tangi hilo lijengwe pamoja na msingi. Likiachwa hadi wageni waanze kulalamika, pampu itakuwa imeshaingia kisimani.

Hili linawezekana. Kisiwa cha Chumbe, jirani na mji wa Unguja, kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1994 na kina nyumba saba tu za wageni. Mapaa yake yameundwa kukamata mvua, umeme ni wa jua, vyoo ni vya mboji visivyotumia maji, na maji ya kuogea huchujwa kwa mchanga na mimea kabla ya kuachiwa. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo yale. Mwamba wake ulipata pigo la joto la bahari mwaka 1998 na 2016 kama miamba mingine ya Bahari ya Hindi, ila haukuwa pia na mzigo wa nanga, nyavu na maji machafu.

Kuhusu vyoo nisiseme mengi. Ile desturi ya kuweka shimo mita 30 kutoka kisimani imetungwa kwa udongo wa kawaida. Jiwe la matumbawe lina mapango na nyufa, uchafu hupita kama maji kwenye ungo. Dai choo cha mboji au tangi lisilovuja lenye kichujio cha mimea, na dai kuliona kabla halijafukiwa. Taka ngumu zirudi bara kwa chombo kilekile kilichozileta.

Hatua ya 5: Pelekeni ramani kwenye sheria

Ramani isiyopitishwa na kikao ni picha tu. Kwa Bara, pitisheni mpango wa matumizi ya ardhi kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Ardhi ya kijiji haiwezi kwenda kwa mwekezaji wa nje mpaka ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Watu wenye haki kwenye kipande hicho wana nafasi ya kusema kabla ya uamuzi, na hapo ndipo ramani ya Hatua ya 1 inapozungumza. Ardhi ikishahama hairudi kirahisi, kwa hiyo jipeni muda. Mkutano ulioitishwa leo ili kupitisha kesho ukataeni kwa adabu.

Zanzibar ardhi ni mali ya umma chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, na mwekezaji hupewa ukodishaji na Serikali. Nafasi yenu ya kusikika ni kwa sheha na kamati yake, wilaya, na wakati wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Bara tathmini hiyo iko chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ombeni muhtasari wa Kiswahili, usomwe kwa sauti, na majibu yenu yaandikwe mkiambatisha daftari la ufukwe na la visima. Mtu aliyesema "tunaogopa maji yataisha" husikilizwa kidogo. Aliyeleta vipimo vya miezi kumi na miwili huitwa mezani.

Mlioko ndani ya hifadhi, kama vijiji vya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995 au Ghuba ya Menai ya Unguja, ya 1997, mna pia mpango wa kanda za hifadhi. Upateni, muuweke juu ya ramani yenu, na muone unapogongana na njia na dago zenu.

Hatua ya 6: Sasa ingieni baharini

Nanga moja ikiburuzwa huvunja kwa dakika kile kilichokua miaka mingi. Kila mahali pa kuogelea na kuzamia wekeni boya la kufungia, lishikwe na jiwe zito lililotua kwenye mchanga, mbali na matumbawe hai. Idadi ya maboya ndiyo idadi ya boti. Boya likikosekana, nahodha asubiri au aende kwingine. Njia hii naipenda kuliko tangazo lolote, kwa sababu haihitaji askari.

Idadi ya watu ikadirieni mapema. Watafiti waliofanya kazi Bahari ya Shamu na Karibi walipendekeza wazamiaji wasizidi kati ya 5,000 na 6,000 kwa mwaka kwa eneo moja la mwamba. Hiyo ni watu 14 hadi 16 kwa siku, tena kama dari. Kwenye mwamba ambao maji yakipwa hufika kiunoni, ambapo wageni husimama kwa miguu juu ya matumbawe, mimi ningeanza na nusu yake. Na mwamba uliopauka kwa joto, kama ilivyotokea tena 2024, upumzisheni kabisa mpaka upone.

Kwa wanyama, andikeni masharti machache yanayokumbukika. Papa potwe huonekana Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi: boti ipunguze mwendo ikiwa mbali, isimkatie njia, wageni washuke kwa utulivu, wakae mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, wasiguse. Boti moja kwa papa mmoja, nyingine zisubiri zamu. Pomboo wa kusini mwa Unguja wametufundisha kwa uchungu. Utafiti uliofanywa huko ulionyesha kuwa wakiandamwa na boti hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, na hutumia muda mwingi zaidi kuhama. Mgeni akiwaona wamelala juujuu kwa utulivu, hiyo ndiyo zawadi, na boti izime mashine. Kasa wanaotaga wahitaji giza: taa za ufukweni zizimwe au zifunikwe, kwani vifaranga hufuata mwanga na kuishia jikoni mwa hoteli badala ya baharini.

Tena kumbukeni kuwa bahari ina watu wake, kama ufukwe ulivyo na wake. Boti za wageni zisipite juu ya madema na nyavu, na wenye kaiti (wanaoteleza majini wakivutwa na tiara) wakae mbali na mashamba ya mwani. Zanzibar kilimo cha mwani kilianza upande wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla ya hoteli nyingi zilizopo sasa, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Gaweni kwa saa. Maji yakipwa, eneo ni la mwani na pweza. Yakijaa, ni la michezo. Pemba kuna vijiji, Kisiwa Panza kikiwa kimojawapo, vilivyofunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue. Mkifanya hivyo, ufungaji umhusu mgeni pia. Mvuvi aliyezuiwa kushika pweza akimwona mtalii anamtoa pangoni kwa ajili ya picha, hatafunga tena mwaka ujao, na ana haki.

Kazi nyingine haihitaji boti. Wasini, pwani ya Kenya, wanawake wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko, wageni hutembea na kulipa, na miti inabaki imesimama. Gazi, pwani hiyohiyo, nako kuna njia kama hiyo. Huko mkoko hulipa ukiwa mzima.

Hatua ya 7: Fedha na daftari

Mkataba na hoteli au kampuni ya boti useme kiasi kwa kila mgeni kwa kila usiku au safari. Ahadi ya "kusaidia jamii" haina hesabu. Ukodishaji wa jumla wa mwaka huishia kwa wachache, lakini malipo ya kwa mgeni kila mtu anaweza kuyahesabu kwa macho. Fedha ziingie akaunti ya kijiji, na kila mwezi karatasi moja ibandikwe ukutani: wageni wangapi, kiasi gani, kimetumika wapi. Mkataba utaje njia za pwani kwa majina na upana wake, makazi ya dago na miezi yake, marufuku ya kisima, na idadi ya vyumba isiyozidishwa bila kurudi kwenye mkutano. Masharti ya maboya na zamu yaingizwe kwenye sheria ndogo za kijiji, yapite halmashauri ya wilaya, yawe na nguvu kwa mgeni na mwenyeji.

Fungu la kwanza la fedha hizo litengwe kwa ajili ya wapimaji: futi mpya, betri ya kipima chumvi, chai ya wanafunzi wa siku ya kupima. Kila mwaka, baada ya bamvua ya Machi, fungueni madaftari yote mbele ya mkutano mkuu: ufukwe, visima, jedwali la ardhi, hesabu ya boti. Kama kisima kimepanda chumvi au ufukwe umepita mstari wenu, vyumba vipya visimame mwaka huo.

Ramani itoeni nakala nne. Moja ofisini, moja shuleni, moja msikitini au kanisani, na moja ikae kwa wale wanaoanika dagaa. Majina ya mahali yaandikwe kama yanavyotamkwa na watu wake, na pale palipokuwa peupe, chini ya alama ya vichanja, waandike siku za giza wanazokuwapo.